Hela ya kipa itoke wapi? Kikomo cha mishahara NHL na msimu wa Colorado Avalanche 2024-25

Watu waliokulia kwenye mpira wa miguu wakianza kufuatilia hoki ya barafu ya Marekani na Kanada swali lao la kwanza huwa hili, timu ina tajiri mwenye hela zake, kipa anafungwa mabao ya ovyo kila mechi, si waingie sokoni wanunue kipa wa maana mambo yaishe? Swali liko sawa kabisa. Tatizo ni kwamba kwenye NHL kuwa na hela na kuruhusiwa kuitumia ni vitu viwili tofauti, na ukishaelewa hapo ndo utaelewa kwa nini timu inaweza kumwachia staa wake mkubwa katikati ya msimu huku bado inapigania ubingwa.

Nataka nieleze kwa kutumia timu moja na msimu mmoja, Colorado Avalanche ya Denver, msimu wa 2024-25, maana kila kitu kinachohusu hela na kipa kiliwatokea ndani ya miezi saba tu.

Kwanza sheria yenyewe. NHL ina timu 32 na kila timu inapangiwa kikomo cha mishahara, yaani ukijumlisha mishahara ya wachezaji wako wote isivuke kiasi fulani, na si kwamba ukivuka unalipa faini kama wenzao wa mpira wa kikapu NBA, hapana, huvuki. Mmiliki awe bilionea, awe mafuta, awe nani, kikomo ni kile kile cha timu maskini. Sheria hii imeanza 2005, na ilikuja kwa gharama kubwa sana kwa sababu wamiliki waliwafungia wachezaji milango mpaka msimu mzima wa 2004-05 ukafutwa, hakuna mechi hata moja iliyochezwa, hakuna bingwa. Waliporudi kikomo kikawa dola milioni 39. Kikapanda panda kwa miaka mingi mpaka ikaja korona, viwanja vikawa vitupu, kikagandishwa kwenye milioni 81.5 kwa misimu mitatu mfululizo, halafu kikaanza kusogea taratibu mpaka msimu huu tunaouongelea kikawa milioni 88.

Sasa kuna mambo matatu yanayofanya hiyo milioni 88 ibane kuliko inavyoonekana.

La kwanza ni kwamba timu haziuziani wachezaji kwa pesa. Hakuna ile ya kwenda na milioni 60 ukamchukua mtu. Unampata mchezaji kwa kutoa mchezaji, au kwa kutoa nafasi zako za kuchagua vijana kwenye drafti, na anapokuja anakuja na mkataba wake, kwa hiyo lazima uwe na nafasi ya kuuingiza chini ya kikomo siku hiyo hiyo. Timu anakotoka inaweza kukubali kubaki na sehemu ya mshahara, mwisho nusu, lakini nayo itataka kulipwa kitu kwa huo wema.

La pili, kinachohesabiwa ni wastani wa mkataba mzima. Nathan MacKinnon, staa namba moja wa Colorado, alisaini miaka 8 kwa dola milioni 100.8, gawanya kwa 8 unapata milioni 12.6, basi kila msimu hiyo 12.6 inakaa kwenye vitabu, acheze vizuri asicheze vizuri.

La tatu ndo linaloua timu nyingi, mkataba haufutiki. Ukimchoka mtu unaweza kuuvunja kwa kumlipa sehemu ya hela iliyobaki, lakini adhabu inaendelea kuhesabiwa kwenye kikomo chako kwa miaka mingi baada ya yeye kuondoka, ni kama kuendelea kulipa kodi ya nyumba uliyohama na huku unalipa ya unayokaa. Waulize Minnesota Wild. Julai 2012 waliwasaini Zach Parise na Ryan Suter siku moja, kila mmoja miaka 13 kwa dola milioni 98. Mwaka 2021 wakawavunjia mikataba wote wawili, na kwa misimu ya 2023-24 na 2024-25 wakawa wanabeba zaidi ya milioni 14.7 kila msimu za watu ambao hawapo kwenye timu. Yaani wenzao wanacheza na 88 wao wanacheza na 73 na kidogo. Na ile timu ilifika mtoano 2025, nawaheshimu sana kwa hilo.

Kwa hiyo meneja wa timu ya NHL kazi yake kubwa si kujua nani ni mzuri, kila mtu anajua nani ni mzuri. Kazi yake ni kuamua nani mzuri amkose.

Turudi Colorado. Hii ni timu iliyochukua ubingwa 2022 kwa kuwafunga Tampa Bay, na uti wa mgongo wake ulikuwa watu wanne. MacKinnon kwenye 12.6. Mikko Rantanen, winga Mfini, milioni 9.25. Beki Cale Makar milioni 9, na huyu kwa maoni yangu ndo beki bora duniani kwa sasa na milioni 9 ni bei ya kutupa. Beki mwingine Devon Toews 7.25. Jumlisha, hao wanne peke yao ni milioni 38.1 kati ya 88, na kikosi kinatakiwa kiwe na watu mpaka 23. Bado hujamweka Valeri Nichushkin na milioni 6 na zaidi, na nahodha Gabriel Landeskog wa milioni 7 alikuwa hajacheza tangu fainali ya 2022 kwa sababu ya goti, ingawa kwa majeruhi wa muda mrefu kama yeye sheria inalegeza.

(Wakenya wanaosoma hapa huenda MacKinnon mnamkumbuka, 2018 ile timu ya Ice Lions ya Nairobi, wanaofanyia mazoezi kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, walipelekwa Kanada na kampuni ya kahawa Tim Hortons na wakacheza pamoja na Sidney Crosby na huyu MacKinnon. Ni yeye huyu huyu.)

Ukishalipa uti wa mgongo namna hiyo lazima kuna mahali utabana, na Colorado walibana golini. Kipa namba moja Alexandar Georgiev alikuwa kwenye milioni 3.4, msaidizi wake kijana Justus Annunen hata milioni 1 hafiki. Makipa wote wawili kwa pamoja walikuwa wanakula chini ya asilimia 5 ya kikomo.

Je, kubana golini ni ujinga? Hapa watu wanajibu haraka sana na mimi nataka twende polepole kwa sababu ndo kiini cha mambo.

Kipa kwenye hoki ya barafu ana uzito kuliko kipa wa mpira wa miguu, hilo halina ubishi. Kwenye soka kipa anaweza kumaliza dakika 90 amedaka mashuti matatu. Kwenye NHL wastani ni kama mashuti 28 kwa mechi, kisahani kigumu cha mpira kinakuja kwa spidi inayoweza kuvuka kilomita 150 kwa saa, wachezaji wamemzibia asione, na kinaweza kugonga gongo la mtu njiani kikabadili uelekeo. Kipimo rahisi wanachotumia ni asilimia ya mashuti aliyookoa. Msimu ule wa 2024-25 kipa wa kawaida wa ligi alikuwa anaokoa kama asilimia 90.

Sasa chukua makipa wawili, mmoja anaokoa asilimia 91, mwingine 89. Kwa macho huwezi kuona tofauti, ukiangalia mechi moja au mbili utasema wako sawa. Lakini mashuti 28 mara mechi 82 ni karibu mashuti 2,300, na asilimia 2 ya hapo ni mabao 46. Wachambuzi wa ligi hii huwa wanakadiria kwamba kila mabao 6 hivi unayookoa au kufunga zaidi ni sawa na ushindi mmoja, na ushindi ni pointi 2. Kwa hiyo tofauti ya hao makipa wawili ambayo huioni kwa macho ni kama pointi 15 kwa msimu. Pointi 15 ndo umbali kati ya timu inayoongoza kundi na timu inayokwenda likizo mwezi wa nne. Hakuna winga duniani anayekuletea hivyo peke yake.

Basi kumbe kipa alipwe kuliko wote! Hapana, na hapa ndo pagumu. Tatizo la makipa hawatabiriki. MacKinnon utajua mwakani atakuletea pointi mia na zaidi (pointi za mchezaji ni mabao yake na pasi za mabao) akiwa mzima, unaweza hata kuapa. Kipa aliyekuwa wa kwanza mwaka huu mwakani anaweza kuwa wa ishirini, bila kuumia, bila kuzeeka, imetokea tu, kwa sababu tofauti kati ya mzuri na wa kawaida ni mashuti mawili katika mia na mashuti mawili katika mia yanaweza kuwa bahati, yanaweza kuwa mabeki waliombadilikia mbele yake, yanaweza kuwa nyonga inayouma kidogo. Kwa hiyo una nafasi ambayo ni muhimu kuliko zote na papo hapo ni ngumu kuliko zote kujua unanunua nini. Ukimpa kipa miaka 8 unalipia kitu ambacho hata wataalamu waliosomea hawawezi kukuambia kitakuwaje mwaka wa pili.

Angalia Carey Price wa Montreal. Alikuwa kipa bora kabisa wa kizazi chake, mwaka 2015 alichukua mpaka tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Wakampa miaka 8 kwa milioni 84, yaani 10.5 kwa msimu. Kiangazi cha 2021 akawabeba mpaka fainali, wakafungwa na Tampa. Baada ya hapo goti likakataa, msimu uliofuata akacheza mechi 5 tu, Montreal wakamaliza wa mwisho kwenye ligi nzima, na Price hajacheza tena mpaka leo. Mkataba wake ulikuja kuondolewa kwenye vitabu vya Montreal Septemba 2025 walipoupeleka San Jose, miaka minne baadaye.

Halafu angalia upande wa pili, Sergei Bobrovsky. Florida Panthers walimpa miaka 7 kwa milioni 70 mwaka 2019 na kwa miaka kadhaa ulihesabiwa kuwa kati ya mikataba mibovu kabisa ya ligi. Mtoano wa 2023 ulipoanza alikuwa benchi, golini yuko Alex Lyon ambaye wengi walikuwa hawajawahi kumsikia. Bobrovsky akaingia katikati ya ile raundi dhidi ya Boston, Boston waliokuwa wametoka kuweka rekodi ya pointi 135, wakawatoa, wakafika fainali, na 2024 na 2025 wakachukua kombe mara mbili mfululizo yeye akiwa golini. Mkataba ule ule, mtu yule yule. Na ile fainali ya 2023 waliyofika walifungwa na Vegas, ambao kipa wao Adin Hill walimpata kutoka San Jose kwa nafasi moja tu ya raundi ya nne ya drafti, mshahara wake milioni 2 na kidogo, na msimu ule Vegas walitumia makipa watano kwa sababu ya majeruhi. Kwa hiyo 2023 bingwa ana kipa wa milioni 2, 2024 bingwa ana kipa wa milioni 10. Yeyote anayekwambia kuna kanuni moja ya kulipa makipa mwambie akupe majina.

Kwa hiyo dau la Colorado la kubana golini lilikuwa na akili ndani yake. Hata 2022 walichukua kombe na Darcy Kuemper ambaye hakuwa kati ya makipa ghali, na alipotaka hela nzuri wakamwachia akaenda Washington, miaka 5 kwa milioni 26.25. Georgiev akaingia badala yake, na kwa takwimu za ushindi alionekana bei ya bure, msimu wa 2023-24 aliongoza ligi nzima kwa ushindi 38. Ila asilimia yake ya kuokoa ilikuwa 89.7. Hapo dalili ilishaonekana. Ushindi 38 ulikuwa wa MacKinnon na Rantanen na Makar wanaofunga mabao matano ili wewe ufungwe manne, na mtu akikuonyesha idadi ya ushindi wa kipa kama ushahidi kwamba ni mzuri muulize mashuti mangapi katika mia.

Oktoba 2024 msimu ukaanza na kila kitu kikaanguka pamoja. Mechi ya kwanza Vegas wakawapiga 8-4. Wakapoteza ya pili, ya tatu, ya nne. Landeskog hayupo, Nichushkin amefungiwa mpaka Novemba, washambuliaji wengine majeruhi, na kwa sababu vikosi vya namna hii vimejaa mastaa wanne na vijana wa mshahara wa chini, wakiumia watatu wanne nyuma yao hakuna mtu, hiyo ni bei nyingine ya kikomo ambayo haionekani kwenye karatasi mpaka siku inapokuja. Mabao yanaingia tu. Georgiev mpaka anaondoka alikuwa na asilimia 87.4, Annunen naye hapo hapo. Ukirudi kwenye hesabu yetu ya juu, kipa wa 87.4 dhidi ya kipa wa kawaida wa 90 ni mabao karibu 60 kwa msimu mzima. Hakuna timu inayofika popote na hiyo.

Na sasa lile swali la mwanzo, si wanunue kipa? Hela ya wapi. Nafasi chini ya kikomo hakuna, mikataba mikubwa yote ni ya watu wasiotolewa. Walichofanya kinanifurahisha mpaka leo. Novemba 30 wakampeleka Annunen Nashville wakamchukua Scott Wedgewood, kipa msaidizi wa miaka 32 mwenye mshahara wa milioni 1.5. Siku tisa baadaye, Desemba 9, Georgiev akaenda San Jose, akaja Mackenzie Blackwood wa milioni 2.35. Ndani ya siku kumi wamebadilisha makipa wote wawili, jambo ambalo karibu halitokei kwa timu inayopigania ubingwa, na mishahara ya wale wapya wawili haifiki hata milioni 4. Yaani hela karibu ile ile.

Kuanzia hapo wote wawili wakaokoa zaidi ya asilimia 91. Timu ikabadilika. Mabeki ni wale wale, kocha Jared Bednar yule yule, mfumo ule ule, ila sasa ukikosea nyuma si lazima liwe bao, na mchezaji akijua hivyo anacheza bila woga. Blackwood miaka yote alikuwa New Jersey na San Jose, timu zilizokuwa zinashambuliwa kama hazina mabeki, kwa hiyo takwimu zake za kawaida zilionekana mbaya, lakini wachambuzi wanaopima ugumu wa kila shuti, lilipigwa kutoka wapi, kwa pembe gani, walikuwa wanaona kwamba jamaa anaokoa zaidi ya anavyotegemewa. Colorado walinunua hicho kilichofichwa nyuma ya timu mbovu. Hii ndo njia halali ya kupata kipa mzuri bila hela, unatafuta mtu ambaye namba zake zimechafuliwa na wenzake. Kabla mwaka haujaisha wakampa mkataba mpya, miaka 5, milioni 5.25 kwa msimu kuanzia msimu unaofuata.

Milioni 5.25. Ishike hiyo namba, maana Blackwood sasa anapanda kutoka 2.35, na kule mbele Rantanen mkataba wake unaisha Julai 2025.

Rantanen alikuwa anataka kulipwa kama wenzake wa daraja lake, na Septemba 2024 Leon Draisaitl wa Edmonton alikuwa ameshasaini miaka 8 kwa milioni 14 kwa msimu, hivyo soko lilishajulikana. Colorado hawakutaka kwenda juu sana, MacKinnon kwenye 12.6 akawa kama paa ndani ya nyumba yao wenyewe. Mazungumzo yakakwama. Na kama hujasaini mtu mpaka Julai anaondoka bure, kwenye ligi ambayo huwezi kununua mbadala kwa pesa, kuondoka bure ni msiba. Januari 24, 2025 meneja mkuu Chris MacFarland akafanya ambalo hakuna aliyelitegemea, akampeleka Rantanen Carolina. Wakarudi na Martin Necas wa milioni 6.5, Jack Drury, na nafasi za drafti. Chicago waliingizwa katikati wabebe nusu ya mshahara wa Rantanen ili Carolina waweze kumpokea, hivyo ndivyo kikomo kinavyofanya hata dili la timu mbili liwe la timu tatu.

Kwa karatasi naelewa walichokuwa wanafikiria. Necas anakaa kwenye vitabu kwa hela ndogo mpaka 2026, tofauti inayobaki wanaiweka mahali pengine, na kweli Machi wakamleta mshambuliaji wa kati Brock Nelson kutoka New York Islanders. Timu ikawa na kina kuliko Oktoba. Lakini mimi naamini waliharakisha, na tarehe inanipa nguvu ya kusema hivyo. Wiki moja tu baadaye, Januari 31, ligi na chama cha wachezaji wakatangaza vikomo vya misimu mitatu inayokuja, milioni 95.5, halafu 104, halafu 113.5. Ongezeko la zaidi ya milioni 25 kutoka 88. Wote kwenye ligi walijua kitapanda, mapato yalikuwa yanaonekana, na mshahara wa milioni 12 uliokuwa unatisha kwenye kikomo cha 88 ni kitu kingine kabisa kwenye 113.5, kutoka karibu asilimia 14 unashuka chini ya 11. Walimpima Rantanen kwa kikomo cha jana.

Rantanen naye akagoma kusaini huko Carolina, akacheza mechi 13 tu, na Machi 7 wakampeleka Dallas Stars ambako alisaini siku hiyo hiyo miaka 8, milioni 12 kwa msimu. Wengi wanasema ooh Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo 12 ya Dallas si sawa na 12 ya Denver, ni kweli, jambo hilo linazisaidia timu za Texas, Florida na Nevada na linaudhi wengine wote. Lakini 12 ni pungufu ya ile 12.6 ya MacKinnon.

Na Dallas wako kundi moja na Colorado. Raundi ya kwanza ya mtoano wakakutana.

Raundi moja ya mtoano ni mpaka mechi saba, wa kwanza kushinda nne anapita, na ile ya saba ilichezwa Dallas Mei 3. Stars hawana Miro Heiskanen beki wao bora, hawana Jason Robertson, wote majeruhi. Colorado wana mastaa wao, mpaka Landeskog alikuwa amerudi baada ya karibu miaka mitatu na uwanja mzima wa Denver ukalia naye. Kipindi cha tatu, ambacho ndo cha mwisho, kinaanza, Colorado wakaongoza 2-0. Halafu Rantanen akafunga. Akafunga tena, 2-2. Wyatt Johnston akaweka la tatu zikiwa zimebaki dakika chini ya nne. Colorado wakamtoa Blackwood golini waongeze mshambuliaji wa sita, na Rantanen akapata kisahani akakipeleka kwenye goli tupu, la tatu lake ndani ya kipindi kimoja cha mechi ya saba, kitu ambacho hakikuwahi kufanywa na mtu yeyote kwenye historia ya ligi hiyo. 4-2.

Watu walimlaumu Blackwood na mimi sikubali. Kipa aliyekuja Desemba ndiye aliyewafanya wawe na mechi ya saba ya kuipoteza. Wangebaki na makipa wa Oktoba mtoano wenyewe ungekuwa mashakani.

Ukitaka kuona kwamba hata kipa bora hakuhakikishii kitu, msimu ule ule Connor Hellebuyck wa Winnipeg aliokoa asilimia 92.5, akachukua tuzo ya kipa bora na ya mchezaji bora wa ligi, kipa wa kwanza kuipata hiyo ya pili tangu Price, na Winnipeg wakaongoza ligi nzima kwa pointi 116, yeye akiwa kwenye milioni 8.5. Mtoano ulipoanza St. Louis walimfunga mpaka akatolewa mechi tatu kabla hazijaisha, zote ugenini. Wakapita kwa shida kwenye mechi ya saba, raundi iliyofuata Dallas wakawatoa. Mechi 82 zinakuonyesha kipa ni nani, raundi ya mtoano haizidi mechi saba na lolote linaweza kutokea, na ndiyo sababu meneja mwenye akili analipa golini kwa ajili ya kufika mtoano, baada ya hapo anaomba.

Pamoja na hayo bei za makipa zinapanda. Igor Shesterkin alisaini na New York Rangers Desemba 2024 miaka 8 kwa milioni 92, yaani 11.5 kwa msimu, hakuna kipa aliyewahi kulipwa hivyo, na msimu ule ule aliosaini Rangers hawakufika mtoano. Jake Oettinger wa Dallas milioni 8.25. Wenye timu wanaona kikomo kinakwenda 113.5 na wanaona afadhali kuwa na kipa wanayemjua.

Colorado bado wamebaki kwenye njia yao, Blackwood na Wedgewood, na msimu wa 2025-26 ulipoanza Blackwood akiwa majeruhi Wedgewood akakaa golini na timu ikaanza kwa kasi ya ajabu. Oktoba 2025 wakamsaini Necas, miaka 8, milioni 11.5 kwa msimu. Nusu milioni pungufu ya anachopata Rantanen Dallas. Na Cale Makar mkataba wake wa milioni 9 unaisha 2027, safari hii hakuna atakayekubali bei ya kutupa, na wala asikubali.